Thomson Yupi? Hotuba Kuhusu Jina Moja la Ukoo na Wote Walioshirikiana Nalo

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa walimu, wakutubi na wanafunzi. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu wakutubi, na ninyi vijana mliokubali kukaa viti vya mbele bila kusukumwa na mtu: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Niruhusuni nianze kwa swali. Joseph Thomson ni nani? Naona mikono imenyooka pande mbili za ukumbi. Upande huu, mwalimu wa fizikia anasema ni mwanasayansi aliyegundua elektroni. Upande ule, mwalimu wa historia anasema ni msafiri wa Kiskoti aliyepita katika nchi ya Wamasai. Wote wawili wamejibu sahihi, na hapo ndipo shida yetu ilipo. Joseph John Thomson alizaliwa Manchester, Uingereza, mwezi Desemba 1856. Joseph Thomson wa pili alizaliwa katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti, mwezi Februari 1858. Majina yao ni yale yale, umri wao unapishana kwa miezi kumi na minne hivi, na wote wawili wameacha jina la Thomson likiwa limebandikwa kwenye vitu ambavyo dunia inavitaja hadi leo. Lakini hawakuwa ndugu, na aliyeandika habari za mmoja akamwekea matendo ya mwingine ameharibu habari za wote wawili.

Ninalotaka kuwaeleza leo ni hili: jina la ukoo likishabandikwa kwenye kitu, halimtaji tena mtu fulani, bali humtaja yeyote ambaye msomaji anamfahamu. Kwa hiyo kila mnapokutana na jina hilo katika kitabu, katika ramani au katika mtihani, naomba muulize swali moja: Thomson yupi?

Chimbuko la jina lenyewe halitatuchukua muda mrefu. Thomson ni mwana wa Thom, na Thom ni kifupi cha Thomas. Zamani jina la namna hiyo lilibadilika kila kizazi, kwa kuwa mtoto alitambulishwa kwa baba yake. Baadaye likaganda, likawa la ukoo mzima. Kila mahali palipokuwa na baba aliyeitwa Thom pangeweza kuzuka ukoo wa Thomson, pasipo uhusiano wowote na ukoo wa kijiji cha pili. Waskoti kwa kawaida huliandika bila herufi p. Waingereza wengi huliandika Thompson. Kwa hiyo kushirikiana jina hili si ushahidi wa udugu hata kidogo. Tumalize hapo.

Sasa tumtazame yule msafiri, kwa sababu jina lake wengi wetu tunalitamka bila kujua. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilikuwa na msafara uliotoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukiongozwa na Keith Johnston. Johnston akafariki dunia mapema, huko Behobeho, na uongozi ukamwangukia kijana wa miaka ishirini na moja aliyechukuliwa kama mtaalamu wa miamba. Kijana huyo ndiye Joseph Thomson. Je, alifika na kurudi kwa ujuzi wake peke yake? La hasha. Nyapara mkuu wa msafara alikuwa James Chuma, Myao, yule yule ambaye pamoja na Abdullah Susi waliongoza kundi lililoubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Chuma alikuwa ametembea katika bara hili miaka mingi kabla Thomson hajaliona. Alijua kuajiri wapagazi, kuzungumza na watawala wa njiani, na kuulinda msafara usisambaratike. Msafara uliofanikiwa ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, kazi ya Chuma.

Mwaka 1883 jumuiya ile ile ikamtuma Thomson tena, safari hii kutafuta njia ya moja kwa moja kutoka pwani ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamasai. Chuma hakuwapo, kwani alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Thomson alipita, akafika ziwani, akaipa safu ya milima jina la Aberdare kwa heshima ya rais wa jumuiya iliyomtuma, na siku ya mwisho ya mwaka 1883 akapigwa pembe na nyati nusura afe. Inasimuliwa pia kwamba aliwastaajabisha wenyeji kwa kuchomoa na kurudisha meno yake ya bandia, na kwa kuwaonyesha chumvi ya dawa inayofoka povu ndani ya maji. Hila za namna hiyo, kwa maoni yangu, zinatueleza habari za Thomson zaidi ya zinavyotueleza habari za Wamasai.

Mwaka 1884 mwanazuolojia Albert Günther akampa jina la kisayansi swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, akatumia jina la Thomson. Kwa Kiswahili tunamwita swala tomi. Maporomoko ya maji ya Nyahururu nchini Kenya, yenye kimo cha mita 70 na ushei, yakaitwa maporomoko ya Thomson, na mji wenyewe ukabeba jina hilo katika zama za ukoloni kabla ya kurudia jina lake. Thomson mwenyewe alifariki mwaka 1895 akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Swala hakupewa jina la Chuma. Naomba msilipite jambo hilo kwa haraka. Tunapouliza Thomson yupi, tunauliza pia ni nani aliyekuwa pamoja na Thomson huyo na hakuandikwa. Jina linalobaki kwenye kitu mara nyingi ni jina la yule aliyerudi nyumbani kutoa taarifa.

Tuwaache wasafiri, tuingie katika fizikia, ambako mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi wa chuo atakutana na athari ya Thomson, inayohusu joto linalotolewa au kufyonzwa na waya unaopitisha umeme huku sehemu zake zikiwa na halijoto tofauti. Atakutana na athari ya Joule na Thomson, inayoeleza kwa nini gesi nyingi hupoa zinapolazimishwa kupita mahali pembamba na kupanuka, jambo linalotumika katika kuzigeuza gesi kuwa vimiminika. Atakutana pia na mtawanyiko wa Thomson, unaoeleza jinsi elektroni iliyo huru inavyotawanya mwanga. Je, ni Thomson mmoja katika yote matatu? Wengi hudhani hivyo. Mambo mawili ya kwanza ni ya William Thomson, aliyezaliwa Belfast mwaka 1824. La tatu ni la Joseph John, yule wa elektroni, ambaye wenzake walizoea kumwita J. J.

William Thomson anastahili tumkalie kidogo. Alipata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1846 akiwa na miaka ishirini na miwili, akashikilia kiti hicho kwa miaka 53. Mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha halijoto kisichotegemea zebaki, pombe wala kitu kingine chochote cha kujaza kipimajoto, kinachoanzia kwenye baridi ambayo hakuna baridi zaidi yake; leo tunaiandika kuwa nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Celsius. Alishiriki katika kulaza waya wa simu ya maandishi chini ya Bahari ya Atlantiki, na mwaka 1866 akatunukiwa cheo cha Sir kwa kazi hiyo. Kisha, mwaka 1892, akapandishwa kuwa lodi, na kwa desturi ya nchi ile akatakiwa kuchagua jina la ulodi. Akachagua Kelvin, jina la mto unaopita karibu na chuo chake.

Mnaona kilichotokea? Mtu mmoja akagawanyika mara mbili katika faharasa za vitabu. Alichokigundua alipokuwa kijana kinaitwa kwa jina la Thomson, ambalo anashirikiana na maelfu ya watu. Kipimo chake cha halijoto, alichokitangaza akiwa bado Thomson, leo kinaitwa kelvin, na kwa hiyo kizio kimojawapo kati ya vizio saba vya msingi vya kimataifa kina jina la mto wa Glasgow. Nimewahi kuona majibu ya mtihani yaliyosema kwamba Kelvin alisahihisha makosa ya Thomson. Mwanafunzi hakuwa mjinga. Alikuwa ameyaamini majina.

Na bado hatujamaliza nyumba hiyo. William alikuwa na kaka, James, aliyezaliwa mwaka 1822, mhandisi. Mwaka 1849 James alionyesha kwa hesabu kwamba barafu ikibanwa kwa nguvu itayeyuka katika halijoto ya chini kuliko kawaida, na mwaka uliofuata William akaithibitisha hesabu ya kaka yake kwa majaribio. James aliwahi kuwa profesa Belfast, kisha akahamia Glasgow, ikawa chuo kimoja kina maprofesa wawili wa jina moja, tumbo moja. Walimu wa hisabati mlio hapa, neno radiani mnalolitumia katika kupima pembe lilionekana kwa mara ya kwanza katika maandishi yaliyochapishwa kwenye maswali ya mtihani aliyoyatunga James huyu mwaka 1873. Radiani iko katika kila kitabu cha trigonometria, na jina lake James haliko. Sijui kama hilo lilimsumbua, mimi lingenisumbua.

Tumrudie J. J. Huyu alichaguliwa kuongoza maabara ya Cavendish, Cambridge, mwaka 1884 akiwa na miaka ishirini na minane, na mwaka 1897 akaonyesha kwamba miale inayotoka katika mirija ya umeme yenye hewa iliyopunguzwa sana ni mkondo wa chembe ndogo kuliko atomu. Hiyo ndiyo elektroni. Mwaka 1906 akapewa Tuzo ya Nobel. Hakuwa na udugu na William, lakini kazi zao zilipishana kiasi cha kuwachanganya hata wasomaji makini. William aliwahi kuwaza kwamba atomu ni pete za kisulisuli, na J. J. akiwa kijana alishinda tuzo kwa kuandika kuhusu pete hizo hizo. Mwaka 1902 William, akiwa tayari Lodi Kelvin, alichapisha wazo kwamba atomu ni tufe la umeme chanya lenye elektroni ndani yake. Mwaka 1904 J. J. akalikuza wazo la namna hiyo kwa hesabu ndefu, na likabaki katika vitabu vya shule kama modeli ya Thomson, hadi Rutherford, mwanafunzi wa J. J. mwenyewe, alipoibomoa mwaka 1911. Thomson yupi? Vitabu vinamaanisha J. J. Lakini mtu akisema kwamba akina Thomson wote wawili wana sehemu yao, hatakuwa amekosea, ila tu mmoja wao alikwisha badilisha jina na kujiondoa katika sifa hiyo bila kukusudia. Wote wawili wamezikwa Westminster Abbey, London.

J. J. alikuwa na mtoto wa kiume, George Paget Thomson, aliyezaliwa mwaka 1892. Hapa jina moja kweli ni damu moja. George alikuwa profesa Aberdeen alipoonyesha, katika miaka ya mwisho ya 1920, kwamba elektroni zikipitishwa kwenye utando mwembamba wa metali hutokeza miduara kama ile inayotokezwa na mawimbi. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani Clinton Davisson, aliyefikia jambo hilo kwa njia yake. Baba alikuwa amepata sifa kwa kuonyesha kwamba elektroni ni chembe. Mwana akapata sifa kwa kuonyesha kwamba elektroni huenda kama wimbi. Si kwamba mmoja alimkanusha mwingine, kwa maana fizikia imewakubali wote wawili. Na baba alikuwa hai kuyaona hayo, kwani alifariki mwaka 1940. Kwa hiyo mkisoma kwamba Thomson alipata Nobel kwa ajili ya elektroni, msiridhike. Ulizeni: Thomson yupi, na mwaka gani?

Labda kijana mmoja hapa anasema moyoni kwamba dawa ni rahisi, tuandike na jina la kwanza, basi. Lingetosha, kama akina Thomson wasingependa sana jina la James. James wa kwanza, aliyeishi kutoka 1700 hadi 1748, alikuwa mshairi wa Kiskoti. James wa pili, aliyezaliwa mwaka 1834, naye alikuwa mshairi wa Kiskoti, na ili asichukuliwe kuwa yule wa kwanza alitia sahihi kwa herufi B. V. James wa tatu alikuwa mwalimu wa hisabati, na ndiye baba yake William. James wa nne ni kaka yake William, tuliyekwisha kumtaja. James wa tano ni mwanabiolojia wa Marekani ambaye mwaka 1998 alitangaza pamoja na wenzake kwamba wamefaulu kutenga na kukuza seli shina za kiinitete cha binadamu. Katika hao watano, mshairi wa pili ndiye ninayempenda zaidi kwa jambo hili, maana hakungoja wakutubi wahangaike baada ya kifo chake.

Makampuni nayo yamelibeba jina hili hadi likasahau linatoka wapi. Wengi mmeliona kwenye televisheni za zamani. Thomson huyo ni Elihu, mvumbuzi wa vyombo vya umeme aliyezaliwa Manchester mwaka 1853, mji ule ule alikozaliwa J. J. miaka mitatu baadaye, tena bila udugu. Akiwa mtoto alihamia Marekani na wazazi wake, akakua, akaanzisha na Edwin Houston kampuni ambayo mwaka 1892 iliungana na ile ya Edison na kuzaa General Electric. Tawi la Ufaransa lilibaki na jina la Thomson kwa zaidi ya karne nzima. Thomson anayeonekana mwanzoni mwa jina la shirika la habari la Thomson Reuters ni mwingine kabisa: ni Roy, mwana wa kinyozi wa Toronto, aliyeanza kwa kuuza redio, akafungua kituo cha redio ili redio zake zipate cha kusikilizwa, kisha akaingia katika magazeti. Jina lake liliungana na la Reuters mwaka 2008, miaka thelathini na miwili baada ya kifo chake.

Na je, yuko Thomson ambaye alipaswa kuwa na kitu chenye jina lake, akakikosa? Yuko. Robert William Thomson alizaliwa Stonehaven, Uskoti, mwaka 1822, na mwaka 1845 alipata hataza ya tairi la upepo. Tairi lake lilikuwa mpira wa turubai uliopakwa utomvu wa mpira na kujazwa hewa, ukafunikwa kwa ngozi. Mwaka 1847 alilionyesha kwenye magari ya farasi katika bustani ya Regent's Park, London, na magari yakapita kimya na kwa wepesi. Lakini mpira ulikuwa ghali, na baiskeli, ambayo ndiyo ingelihitaji tairi hilo, bado haikuwa imeenea. Kazi ikalala. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akalibuni upya bila kujua habari za mtangulizi wake, wakati ambapo baiskeli zilikuwa zimejaa barabarani. Miaka miwili baadaye Dunlop aliarifiwa kwamba hataza yake haina nguvu kwa sababu Thomson alitangulia. Sheria ilimpa Thomson haki yake, marehemu wa miaka mingi; jina likabaki kwa Dunlop.

Nimemweka mwisho Thomson ambaye hakutupa taabu. Charles Wyville Thomson aliongoza wanasayansi waliosafiri katika meli ya Challenger kuanzia 1872 hadi 1876, wakipima vina, wakichukua maji na kuvua viumbe vya vilindini katika karibu bahari zote kuu, safari iliyoweka misingi ya elimu ya bahari. Kaskazini mwa Uskoti, kuelekea visiwa vya Faroe, kuna mgongo wa mwinuko chini ya bahari unaoyatenga maji baridi ya kaskazini na maji yenye joto zaidi ya kusini. Waliouita hawakuuita mgongo wa Thomson. Waliuita mgongo wa Wyville Thomson, na ramani za bahari zinauandika hivyo mpaka leo, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kudhani kwamba aliyeupima ni mtu wa elektroni.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na naona karatasi za maswali zimeanza kupitishwa. Niko tayari kujibu. Naomba tu wenye maswali kuhusu akina Thompson walio na herufi p wanisamehe mpaka kikao kingine, maana hao nao ni wengi. Asanteni kwa kunisikiliza.